Hakuhudhuria Mazishi Yake

Siku ya pili baada ya kumzika dada yangu, simu yake ililia mfukoni mwa baba. Ilikuwa ile ndogo ya kubonyeza, yenye tochi. Baba alikuwa ameichukua chini ya mto wa marehemu bila kumwambia mtu. Hajui kusoma, akaninyooshea, nami nikasoma kwa sauti kama nilivyozoea kumsomea kila kitu:

"Ndugu mwanachama namba 211, hukuhudhuria mazishi ya ndugu yetu namba 211. Kukosa mazishi matatu mfululizo ni kujifuta uanachama."

Baba akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Namba ya nani hiyo?"

"Ya dada."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, baba."

Akairudisha simu mfukoni. Watu walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka uani, na wanawake walikuwa wakiosha masufuria nyuma ya nyumba. Ningeweza kumsomea kitu kingine. Ningesema ni watu wa simu wanatangaza bando, naye angeniamini. Sikufanya hivyo, na mpaka leo sioni kwamba ningefanya vizuri. Aliyeandikiwa alikuwa mtoto wake, na baba alikuwa na haki ya kujua mtoto ameandikiwa nini.

Lazima nieleze chama chenyewe. Ni chama cha kuzikana. Kilianzia kijijini kwetu, si mbali na Tingi, watu wakiwa wachache na kila mmoja akimjua mwenzake mpaka sauti ya kikohozi chake. Mtu akifa, chama kinaleta sanda, mbao na chakula cha matanga. Kikubwa kuliko hivyo, wanachama wanakuja. Kuja ndiko kulikokuwa ada yenyewe. Kwetu mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini mtu asiyezika wenzake hana wa kumtetea.

Kikakua. Wakaingia watu wa vijiji vya juu, Waislamu kwa Wakatoliki, mpaka Kikole. Hapo ndipo viongozi walipoamua kununua kompyuta, kwa sababu kwenye msiba ungewakuta watu ambao hukuwahi kuwaona, na hukujua nani kaja na nani hakuja. Mwalimu mmoja wa kompyuta wa mjini Lindi, ndugu wa mwenyekiti, akawaandikia programu. Mtu akifa, programu inawatumia wanachama wote ujumbe. Kwenye msiba anakaa mwandikaji na simu yake, kila anayefika anamtajia namba. Asiyefika, au asiyetuma mtu wa nyumbani kwake kumwakilisha, anatumiwa ujumbe wa kumkemea.

Mwanzo walitumia majina, wakashindwa. Kwetu majina ni yale yale. Mjukuu anapewa jina la babu, na babu naye alipewa la babu yake, kwa hiyo ukiita jina la mtu, la baba yake na la babu yake, wanaitika watu watatu. Kulikuwa na mkwezi wa minazi aliyefutwa kwa sababu mzee wa jina lake alifariki kijiji cha pili. Akasikia watu wanampa pole mke wake. Akaenda kwa katibu na kamba yake ya kukwelea begani, akakaa mlangoni, akasema, "Marehemu nimefika, naomba chai." Watu walicheka mwaka mzima. Baada ya hapo kila mwanachama akapewa namba, na ikasemwa kwamba anayekufa atatolewa kwa namba yake tu, kwa sababu namba hairithiwi na mtu.

Mama na dada walikwenda kuandikishwa siku moja. Walisimama kwenye foleni ile ile, mama mbele, dada nyuma yake amembebea viatu, kwa sababu mama alikuwa akiumwa vidole vya miguu. Mama akapata 210, dada 211. Baba hakujiandikisha, alisema wale wawili wanatosha nyumba nzima. Mimi nina nyumba yangu, nilikwenda siku nyingine.

Mama alikufa kwa presha, shambani, katikati ya mistari ya ufuta. Dada alipika kwenye matanga ya mama. Alikatazwa, akaambiwa mfiwa hapiki, akasema hakuna mwingine anayejua sufuria ile kubwa inaunguzia upande gani. Ilikuwa kweli. Tangu aliporudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, hakukuwa na msiba katika vijiji vyetu ambao dada hakusimama mbele ya moto wake. Alikuwa akitoka na mwiko wake mwenyewe, mrefu, ameufunga kwenye kanga kuukuu. Ndiyo maana ule ujumbe ulituchoma.

Homa ilimwanza siku zile zile za matanga. Tukadhani ni uchungu wa mama. Tukampa dawa za maumivu, tukamwambia alale, na tulipomfikisha hospitali daktari alituuliza tulikuwa wapi. Alikufa kabla ya arobaini ya mama.

Katibu wetu ni mnunuzi wa ufuta, na siku mama alipokufa alikuwa safarini. Aliporudi, dada naye ameshakufa. Kwa hiyo aliwaingiza wote wawili kwenye kompyuta siku moja, mama na binti, namba kwa namba. Nilijua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, nilipokwenda kwake baada ya ujumbe wa pili. Huo wa pili ulisema dada hakuhudhuria mazishi ya Kikole.

Nilimkuta ghalani anapima magunia.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba, mwanangu. Poleni tena. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Nimekuja kwa ajili ya dada. Bado yumo kwenye mashine."

"Hayumo."

"Anatumiwa ujumbe."

Alijifuta vumbi, akaniingiza ofisini, akafungua kompyuta. Akanigeuzia kioo. "Soma mwenyewe. Mia mbili na kumi, ametolewa. Mia mbili na kumi na moja, ametolewa. Nimewatoa kwa mkono wangu huu."

"Na ujumbe unatoka wapi?"

"Itakuwa mtandao."

Nikamwomba amtoe tena, mbele yangu. Akaandika namba, akabonyeza. Mashine ikajibu kwamba namba hiyo ilishatolewa.

"Umeona? Si mimi ninayesema."

"Basi iache kumwita."

Alijikuna kichwa. Si mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane. Alikuja kwenye msiba wa dada siku ile ile aliyorudi, na alibeba jeneza. Lakini alisema, "Sikiliza, mwanangu. Ameshakosa mara mbili, mazishi yake na haya ya Kikole. Akikosa mara moja tena, mashine itamfuta yenyewe kwa utoro. Vuta subira kidogo tu."

"Kwa utoro."

"Hilo ni neno la mashine tu. Mwisho si ule ule? Atakuwa ametoka."

Nilitoka bila kuaga. Mwisho haukuwa ule ule, na yeye alijua. Kila mwaka, ufuta ukishauzwa, chama kinafanya mkutano uwanjani shuleni, na mwenyekiti anasoma majina ya watoro waliofutwa. Anasoma polepole, jina la mtu, la baba yake, na kijiji. Watu wanakuja kwa ajili ya hapo. Mtu akishasomwa, watoto wake wanaimbwa kwa kejeli njiani. Sasa dada yangu angesomwa, na jina la baba yangu lingefuata lake, na baba angekuwepo, kwa sababu mkutano unafanyika mbele ya nyumba yetu.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo. Nilitaka dada atoke kwenye orodha ile kama marehemu, kabla ya mkutano. Asitoke kama mtoro.

Arobaini yake ilipofika, habari ilikuwa imeshazagaa. Mtani wa ukoo wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alifika na mwiko mkononi. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ya kusema lolote, na huyu hakuwahi kuiacha ruhusa yake nyumbani. Akasimama katikati ya ua, akajifunga kanga kama dada alivyokuwa akijifunga.

"Nyie! Nyie! Mnasema nimekosa mazishi yangu? Ningeendaje? Nani angeangalia wali?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Nimefika makaburini nimechelewa," akaendelea, anahema kwa makusudi, "nakuta watu wameshaondoka. Nauliza, jamani, maiti yuko wapi? Naambiwa ni wewe! Naandikwa mtoro na shimo ni langu!"

Hata baba alicheka. Nilimwona, mabega yakimtikisika, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mtani aliniona, akanijia.

"Na huyu kanuna nini? Njoo nikukaange."

"Wewe sema tu, shangazi," nikamwambia. "Wewe ni mtani. Mashine ilipewa utani na nani?"

Alinitazama, akaninyooshea mwiko, halafu akaushusha. "Hilo," alisema, "waulize wenye mashine." Akarudi kwa wenzake.

Mazishi yaliyofuata yalikuwa ya mzee mmoja wa kijiji cha juu. Ujumbe uliingia alfajiri, nikamsomea baba kama kawaida. Akaamka, akaoga, akavaa kanzu, akaita bodaboda. Nyonga yake ni mbovu tangu zamani. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Kumwakilisha dada yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Baba, dada amekufa."

"Mimi ndiye niliyempokea kaburini," alisema. "Unataka kunifundisha?"

"Sasa unamwakilishaje?"

"Wamesema mtu wa nyumbani kwake anaweza kumwakilisha. Mimi si mtu wa nyumbani kwake?"

Nilipanda bodaboda ya pili nikamfuata. Mwandikaji wa kule alikuwa mgeni kwetu, amekaa kwenye kiti cha plastiki na simu yake. Baba akachechemea mpaka mbele yake.

"Namba, mzee?"

"Mia mbili na kumi na moja."

Mwandikaji akatazama simu. "Hili jina ni la mwanamke."

"Binti yangu. Namwakilisha."

"Yeye yuko wapi?"

"Hakuweza kuja," baba akasema.

Mwandikaji akabonyeza. Baba akasogea, akakaa na wazee wenzake, akaitikia dua. Nilikaa nyuma yake. Nilitamani kuivunja ile simu na nilijua haina kosa.

Akaendelea hivyo. Kila msiba, alikwenda. Hakuwa amechanganyikiwa, kama baadhi ya watu walivyoanza kusema. Alijua binti yake yuko wapi, alikwenda kupalilia pale kila Ijumaa. Alichokataa ni mtu kusema kwamba binti yake hazikagi. Lakini kila alipomwakilisha, dada alihesabiwa amefika, na hesabu ya utoro ikaanza upya. Katibu akanisimamisha njiani, amekasirika kidogo.

"Mwambie mzee apumzike. Anamrudisha. Angeshatoka huyu."

"Atoke kama mtoro?"

"Wewe nawe na hilo neno lako."

Halafu siku moja baba alirudi kutoka Kikole mguu umevimba mpaka kiatu hakitoki. Bodaboda ilikuwa imeteleza kwenye tope, akaanguka upande wa nyonga mbovu. Tulikata kile kiatu kwa kisu. Usoni alikuwa wa rangi ya majivu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimemwandikisha kabla sijaanguka." Mkutano ulikuwa umekaribia. Ikifika misiba mitatu akiwa kitandani, dada angefutwa kwa utoro na kusomwa. Akiamka kabla ya kupona, angekufa yeye. Nilimwomba katibu namba ya simu ya yule mwalimu wa Lindi, na kesho yake nikaenda.

Tulikaa mbele ya duka, karibu na chuo anachofundisha. Alikuwa wa umri wangu, mpole, ana haraka. Akaagiza soda, akafungua kompyuta yake magotini. Nilimwambia yote. Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili, sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianzia kwenye foleni ya mama na dada.

"Kaka," alisema, "tangu niandike programu hii hakuna aliyewahi kulalamika. Wametolewa watu wengi tu."

"Sijasema umekosea. Nasema dada yangu bado anaitwa."

Akatazama orodha. Akaitazama tena. "Kweli yumo," akasema taratibu. "Kwenye daftari la waliotolewa yumo, na kwenye orodha ya wanachama yumo pia." Akaanza kusoma alichokiandika mwenyewe, midomo ikicheza. Nilikunywa soda yangu. Ghafla akaacha kusoma, akashika paji la uso.

"Mliandikishwa kwa kufuatana?"

"Wao wawili. Mama mbele."

"Na katibu aliwatoa kwa mara moja?"

"Siku moja, pamoja."

Aliinama akaokota vifuniko vya soda vilivyotapakaa chini ya meza, akavipanga mstari. "Hawa ni wanachama. Kidole changu ni programu. Nimepewa namba za waliokufa, napita kwa kila mwanachama nikiuliza kama namba yake ni mojawapo. Huyu wa kwanza? Siyo. Nasogea. Wa pili? Siyo. Nasogea. Wa tatu? Ndiye." Akakiondoa kifuniko cha tatu, akakiweka pembeni. "Huyo mama. Sasa angalia."

Akavisukuma vifuniko vya nyuma mpaka vikaziba pengo.

"Orodha haikai na pengo. Mtu akitolewa, walio nyuma wanasogea mbele wote. Aliyekuwa wa nne sasa yuko nafasi ya tatu. Lakini kidole changu kimeshamaliza nafasi ya tatu, kinakwenda ya nne." Kidole kikaruka kifuniko kimoja. "Huyu hapa katikati hakuulizwa. Alisogea akakaa mahali pa mama yake, na mimi nikampita."

Nilikitazama kile kifuniko.

"Na lile daftari linasema ametolewa?"

"Daftari linaandikwa kwanza, kabla kidole hakijaanza kutembea. Ndiyo maana katibu akirudia anaambiwa ilishatolewa. Nililiamini daftari, sikuangalia orodha."

"Kwa nini halikuonekana mapema?"

"Kwa sababu ni mpaka wawe wawili, wamefuatana, na watolewe pamoja. Watu hawafi kwa kufuatana na—" Akaanza kukusanya vifuniko. "Samahani, kaka. Pole sana."

Kwa hiyo programu ilikuwa sahihi kwa kila aliyekufa peke yake. Ilikosea kwa nyumba iliyofiwa mara mbili tu. Nimejaribu kulifikiria hilo kwa upole, na sijaweza.

Akarekebisha pale pale. Ilikuwa mistari michache, nilidhani ingechukua siku nzima. Aliniambia hatamtoa tena mtu kutoka kwenye orodha huku anatembea ndani yake. Sasa programu itaandika orodha mpya, ikiwahamisha wale tu ambao namba zao hazimo kati ya waliokufa. "Ambao wamekufa siwagusi," alisema. "Nawaacha kwenye ile ya zamani, halafu ile ya zamani naitupa."

"Unaitupa wapi?"

"Haiendi mahali, kaka. Inaisha tu."

Akaniuliza kama niko tayari. Nikasema ndiyo. Akaniomba nimtajie namba, ili asikosee. Nikaitaja. Akabonyeza, idadi ya wanachama ikapungua mmoja. Akatafuta namba ile, haikuwepo. Akaipitisha orodha nzima tena mbele ya macho yangu, taratibu, kutoka juu mpaka chini, na sikumwona. Nilikuwa nimemshusha dada kaburini kwa mikono yangu, mwili mzito, mchanga unaniingia machoni. Hapa sikusikia chochote. Nilitegemea nitasikia hata nafuu.

Nilimwomba kitu kimoja zaidi: aandike ujumbe kwa katibu kueleza kosa lilikuwa la namna gani. Akaandika, akakubali wazi kwamba kosa ni lake, na kwamba mwanachama 211 hakuwahi kuwa mtoro. Nilimheshimu kwa hilo. Katibu akanijibu kwa simu nikiwa bado Lindi: ameuona, atausoma mkutanoni, nisiwe na wasiwasi.

Baba nilimwambia usiku ule ule. "Ameshatoka, baba. Ametoka kama marehemu. Huna haja ya kwenda tena."

"Hawatamsoma?"

"Hawatamsoma."

"Na watasema?"

"Katibu ameahidi kusema."

Akavuta shuka mpaka kifuani. "Basi nitakuja kusikia."

Siku ya mkutano tulimtolea kiti mpaka pembeni mwa uwanja, mguu wake juu ya kigoda. Mwenyekiti akasoma watoro. Walikuwa wanne, na dada hakuwemo. Baba alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili, na jina la mwisho liliposomwa akakiachia. Nikamtazama katibu. Akasimama, akakohoa.

"Kuna baadhi ya wanachama walipata ujumbe kimakosa. Lilikuwa tatizo dogo la mtandao, limekwisha. Tunaendelea na ajenda."

Akakaa.

Nilisubiri. Nilidhani labda ndiyo utangulizi. Mwenyekiti akaanza kusema habari za masufuria mapya. Nikasimama. Mimi si msemaji, mke wangu atakwambia.

"Halikuwa la mtandao," nilisema.

Watu wakageuka.

"Dada yangu aliitwa mtoro kwa mazishi yake mwenyewe. Mwenye programu ameandika kwamba kosa ni lake. Katibu anayo hiyo barua kwenye simu. Dada amewapikia ninyi nyote. Naomba isomwe."

"Kaa, ndugu yangu," mwenyekiti akasema. "Hayo yamekwisha. Si ametoka? Tusifukue."

"Hata neno moja tu. Semeni hakuwa mtoro."

"Tumesema kulikuwa na tatizo."

Kutoka upande wa wanawake mtani wetu akapaza sauti: "Mwacheni aseme, au mtamfuta na yeye!"

Uwanja mzima ukacheka, hata mwenyekiti. Alikuwa ananisaidia, naelewa, alitaka kunitengenezea njia ya kukaa chini bila aibu. Sikuichukua.

"Nifuteni," nikasema. Nikataja namba yangu, nikaitaja mara ya pili ili katibu aisikie. Kicheko kikakatika. Katibu alinitazama, hakuandika. Nikamwambia nitasimama mpaka aandike. Akaandika.

Kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa hiari yake. Mke wangu hakusema nami siku nzima, na alikuwa na haki, kwa sababu nilikuwa nimemtoa yeye na watoto pia. Baba alingoja mpaka tukabaki wawili.

"Utazikwa na nani?"

"Na watakaojua kwamba nimekufa."

"Hayo ni maneno ya hasira."

"Ni ya hasira, baba."

Hakunigombeza zaidi. Mguu wake ulipopona alikwenda kwa katibu peke yake, akajiandikisha, akapewa namba ya mwisho kabisa kwenye orodha. Nilikasirika. Nilimuuliza anawezaje kuingia mahali ambapo binti yake alitukanwa na hawakuomba radhi. Akanijibu kwamba yeye hazikwi na katibu. Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo, anazikwa na katibu, katibu ndiye anayebonyeza. Nikaacha. Mke wangu naye akajiandikisha mwezi uliofuata, kwa namba yake mwenyewe, na watoto akawaweka chini yake. Hakuniuliza.

Mimi sijarudi. Ujumbe ukiingia kwa baba namsomea, na hivyo ndivyo ninavyojua nani amekufa. Nakwenda. Sijawahi kuacha kwenda, na ninachimba kama nilivyokuwa nikichimba. Juzi tulimzika mama mmoja wa jirani na Tingi. Mwandikaji alikuwa kijana mpya, hanijui. Nilipita mbele yake na jembe begani.

"Namba, kaka?"

"Sina."

"Umekuja kumwakilisha nani?"

"Simwakilishi mtu."

Akatazama simu yake, akanitazama mimi. "Basi hutahesabiwa," akasema, kwa adabu kabisa, kama mtu anayekutahadharisha.

Nikamwambia najua. Wachimbaji walikuwa wameshafika kiunoni na udongo ulikuwa mgumu, wa mawe mawe. Nikaingia shimoni kumpokea aliyechoka.